Barua ya wazi kwa redio iliyoifanya sauti yangu kichekesho

Kwa Mkurugenzi Mtendaji na Mhariri wa Vipindi

Kisumu, 14 Oktoba

Waheshimiwa,

MINT: LAFUDHI ZETU KATIKA REDIO YENU

Natanguliza salamu zangu za heshima. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari ya kutwa hapa Kisumu, na kazi hii nimeifanya kwa miaka 22. Nilizaliwa Kimilili katika kaunti ya Bungoma, nikaanza kufundisha Nakuru, kisha nikahamishiwa huku. Jina langu mnalo. Limo katika barua tatu nilizowaandikia: ya 2 Agosti, ya 23 Agosti, na ya 12 Septemba niliyoileta kwa mkono wangu mwenyewe, nikaketi mapokezi tangu saa nne asubuhi hadi saa nane mchana. Niliambiwa Mhariri yuko mkutanoni. Nakala yangu ikapigwa muhuri, nikapanda matatu nikarudi. Tangu siku hiyo sijapata jibu, hata la mstari mmoja. Ndiyo sababu leo nawaandikia mbele ya watu.

Jina la kituo chenu sitalitaja. Wanaowasikiliza kuanzia Nakuru hadi Busia watawatambua, na nia yangu ni mrekebishe mambo, si kuwachafulia jina.

Kwa wasiojua kilichotokea, nieleze. Tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, mlinialika studioni kuzungumza juu ya lugha ya taifa. Nilifurahi mno. Nilidamka alfajiri, nikavaa nguo niliyoishonesha kwa ajili ya harusi ya mdogo wangu, nikafika kabla ya wakati. Tulizungumza dakika arobaini. Karibu na mwisho msikilizaji mmoja alipiga simu kutoka Busia akauliza kwa nini mwalimu wake alimkataza kusema "gari yangu". Swali zuri hilo! Nilichangamka, nikaanza kumjibu kwa haraka, na katika haraka hiyo nikasema "chambo la kwanza" mahali pa "jambo la kwanza", na "kari langu" mahali pa "gari langu".

Wiki mbili baadaye maneno hayo yalikuwa yamekatwa, yakaongezewa vicheko, yakawa ndiyo mlio wa kufungulia kipindi chenu cha vichekesho, saa moja na nusu asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa. Jibu lenyewe juu ya ngeli ya LI-YA, ambalo lilikuwa sahihi, mlilitupa. Wanafunzi wangu ni wa kutwa. Mlio huo wanausikia ndani ya matatu wakija shuleni. Nikiingia darasani, kuna sauti ya nyuma kabisa inayonong'ona: "Chambo la kwanza."

Haya ndiyo malalamiko yangu.

1. Mliitumia sauti yangu kwa kazi ambayo sikuikubali.

Nilikubali kuhojiwa. Sikukubali kukatwakatwa. Hili ni fupi na sidhani linahitaji hoja zaidi.

2. Mmezigawa lafudhi kwa vyeo.

Tangu Agosti nimekuwa nikikisikiliza kipindi hicho kila asubuhi, daftari mkononi, kama ninavyosahihisha insha. Mlinzi wa lango ana k na p zangu za Bungoma: "Papa amefika na kari." Mama wa samaki ana s ya Nyanza: "sule", "samba", "sida". Mfanyabiashara mchoyo hubadilisha l kuwa r, kila "lala" ni "rara". Mchungaji wa ng'ombe wa kutoka milimani ana t isiyojulikana kama ni d. Meneja, daktari na wakili hawana lafudhi yoyote, au tuseme wana ile ya Nairobi ambayo ninyi hamuihesabu kuwa lafudhi. Katika wiki tisa sijasikia hata mara moja daktari mwenye k ya Bungoma, wala mlinzi anayezungumza kama meneja.

Waheshimiwa, mnafundisha. Mnafundisha kila asubuhi, na wanafunzi wenu ni wengi kuliko wangu. Somo lenyewe ni kwamba ukimsikia mtu akifungua kinywa, unaweza kujua anastahili kukaa wapi.

Na hamna haja ya kuniambia kwamba kuna lafudhi nyingine ambayo mnaipenda. Mtangazaji wenu wa alasiri anatweng' kwa r za Marekani ambako hajawahi kuishi, husema "hiyo kitu yenye uliniambia" na "watu mingi", na hakuna anayemkata kipande. Mimi nikikosea sauti moja nachekwa mwaka mzima. Yeye akivunja upatanisho wa ngeli tano kwa dakika anaitwa mtanashati.

3. Jaribio lenu la sauti linapima kabila.

Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sitamtaja, aliomba kazi ya kusoma habari kwenu mwezi wa Machi. Ana shahada ya uanahabari. Mtihani wenu wa kuandika aliupita, akaambiwa hivyo kwa simu. Alipoingia kwenye jaribio la sauti alisoma taarifa moja, akaelezwa kwamba "kijiji kinasikika mdomoni" na kwamba angejaribu vituo vinavyotangaza kwa lugha ya mama. Hakuonyeshwa alama. Hakuambiwa ni neno gani halikueleweka. Nilimwomba anisomee taarifa ileile nyumbani kwangu. Nilielewa kila neno, na mume wangu aliyekuwa jikoni alielewa kila neno.

Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinataja lugha miongoni mwa mambo ambayo mtu hapaswi kubaguliwa kwayo, na hakimzuii serikali peke yake. Kinamzuia pia mtu dhidi ya mwenzake. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamkataza mwajiri kumbagua anayeomba kazi kwa sababu ya lugha au asili ya kikabila. Mimi si wakili. Lakini najua kusoma.

4. Watoto wananyamaza.

Hili ndilo lililonikosesha usingizi, na lau si hili pengine ningeumezea ule mlio wenu.

Katika kidato cha pili nina mvulana ambaye insha zake zilikuwa zikinishangaza. Hakuandika "shamba", aliandika "konde". Shida kwake ilikuwa "taabu", sherehe ilikuwa "karamu", shukrani ilikuwa "ahsante", shangazi alikuwa "dada yake baba". Bwana shamba alikuwa "afisa wa kilimo". Hata shule aliiita "skuli", kama mtoto wa Unguja. Nilimsifu mbele ya wenzake kwa utajiri wa msamiati. Nikampa alama 17 kwa 20, nikamwita asome insha yake kwa sauti, akasoma vizuri, bila kusita.

Siku moja mwezi wa Septemba nilimpa kifungu cha ufahamu kilichoandikwa na mtu mwingine. Mstari wa kwanza ulikuwa na neno "shangwe". Alitazama kitabu, akakifunga polepole, akasema koo linamuuma.

Nilimwita baada ya vipindi. Kwao wanazungumza Kijaluo, na Kijaluo hakina sauti sh, kama kisivyo na z wala v. Mtoto aliyelelewa nacho hutamka s mahali hapo mpaka ulimi uzoee. Mvulana huyu alikuwa amejitengenezea kamusi nzima kichwani, ya maneno yasiyo na sh, ili siku akiitwa kusoma insha yake asikutane na sauti hiyo. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akainama akasema, "Mwalimu, sitaki kuitwa mama wa samaki."

Mama wa samaki, waheshimiwa, ni wa kwenu. Mimi sikumleta darasani.

Niwaambie na jambo ambalo kipindi chenu hakijalitambua. Mvulana huyohuyo hutamka "dhahabu", "dhambi" na "thelathini" kwa usafi ambao mimi niliutafuta kwa miaka chuoni, kwa sababu th na dh amekua nazo. Wengi wetu wa bara husema "zahabu" na "selasini" na hakuna anayetucheka, kwa vile hata watangazaji husema hivyo. Katika Lubukusu, lugha yetu ya Bungoma, sauti ghuna b, d, g na j huja zikiwa zimeshikwa mkono na nazali: tunasema "engokho" kwa kuku na "enju" kwa nyumba, lakini g iliyosimama peke yake hatuna. Ndiyo maana nikitulia g yangu hutoka sawasawa, na nikichangamka k hurudi. Jirani yangu Mmaragoli hana shida hiyo hata kidogo, ingawa ninyi mnatuweka sote kwenye kapu moja la "Waluhya". Hayo hayatokani na ujinga wala uvivu. Ni kumbukumbu ya ulimi.

5. Nakuru tunakumbuka.

Mwishoni mwa Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, nilikuwa naishi Nakuru, upande wa Kaptembwo. Sitasimulia yote. Vijana waliweka vizuizi barabarani, na kwenye vizuizi watu walitakiwa kuzungumza ili ijulikane ni wa wapi. Jirani yetu alivuka kwa kujifanya bubu. Mkewe ndiye aliyemsemea. Tulikaa naye siku nne baada ya hapo na bado hakuweza kufungua kinywa, hata ndani ya nyumba milango ikiwa imefungwa.

Katika kitabu cha Waamuzi sura ya 12, Wagileadi walisimama kwenye vivuko vya Yordani wakamwambia kila apitaye aseme "Shibolethi". Aliyesema "Sibolethi" alichinjwa. Tofauti ilikuwa sh na s, tofauti ileile inayomfunga mdomo mvulana wangu wa kidato cha pili. Kila nikiisoma sura hiyo kanisani namkumbuka jirani yetu.

Sisemi kwamba kipindi cha vichekesho kitaleta vita. Nasema kwamba Nakuru, Kisumu, Eldoret na Naivasha, masikio ya watu yalikwishawahi kutumiwa kuchambua nani ni nani kwa sauti moja ya ulimi, na mtu anayetangaza katika miji hiyo anapaswa kulikumbuka hilo kabla ya kuyanoa masikio hayo upya kila asubuhi.

Sasa, najua mtakachosema, kwa kuwa baadhi yake niliambiwa kwa simu na kijana wenu wa vipindi.

Mtasema ni utani tu. Utani naujua, nimeolewa katika nyumba ya Wajaluo, na kwa desturi yetu mimi na shemeji zangu ni watani mpaka kaburini. Timu za kandanda za Gor Mahia na Ingwe, yaani AFC Leopards, zikikutana, nyumba yetu haikaliki. Shemeji yangu huniiga ninavyosema "tawa" kwa dawa, nami humwiga anavyosema "samaki wa maji chumfi", tunacheka hadi machozi. Lakini katika utani kila mtu ana zamu yake. Akinirushia nami namrushia, na jioni tunakula sahani moja. Kwenu maikrofoni ni moja na iko mkononi mwenu. Mimi nilipotaka zamu yangu niliketi mapokezi saa nne nzima.

Mtasema wasikilizaji wanapenda. Wengine wanapenda, sikatai. Katika matatu nimewaona wakicheka. Nimeona pia mama mmoja mwenye karai la dagaa wa omena, pale Kondele, akimwomba dereva apunguze sauti.

Mtasema mnalinda Kiswahili sanifu. Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndiyo kazi yangu.

Usanifu wa Kiswahili ulikuwa uamuzi wa watu. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulikubaliana kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi, na Kamati ya Lugha iliyoundwa 1930 ikakishughulikia: tahajia, msamiati, sarufi, vitabu vya shule. Kimvita, lahaja ya Mombasa, kiliachwa nje ingawa kilikuwa na ushairi wa karne nyingi. Mpaka leo kuna mzee wa Mombasa au Lamu anayesema "mato" na "kitwa" pale mimi ninapofundisha "macho" na "kichwa", na hakuna mwenye akili atakayemwambia kwamba hajui Kiswahili. Ikiwa wenyewe wa Pwani hawana sauti moja, sauti moja ya bara mmeitoa wapi?

Wala Kiswahili si mgeni huku kwetu. Misafara ya wafanyabiashara wa Pwani ilikuwa ikifika Mumias katika karne ya 19, kabla reli haijafika Kisumu mwaka 1901 wakati mji ukiitwa Port Florence. Kuna familia za Mumias na za Kaloleni hapa Kisumu zilizozungumza Kiswahili nyumbani kwa vizazi. Tangu mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza 1985, Kiswahili kimekuwa somo la lazima na la kutahiniwa kwa kila mtoto wa Kenya. Mitihani ya KCSE, ya kumalizia sekondari, ina karatasi tatu, insha, lugha na fasihi, na zote ni za kuandika. Hakuna mtahini aliyewahi kukaa mbele ya mtoto akasikiliza matamshi yake kwa alama. Kwa hiyo mtoto anaweza kupata A ya Kiswahili na asiwe amefundishwa na mtu yeyote jinsi ya kutofautisha s na sh. Akifika kwenu mnamcheka kwa kitu ambacho nchi haikumfundisha. Hapo nasi walimu tuna deni, na nalikiri.

Nakubali pia kwamba msomaji wa habari lazima aeleweke. Kama mtu anasema "mahari" na msikilizaji hajui kama ni mahali pa mkutano au mali ya kuposea, kuna tatizo la kurekebishwa. Bata na pata si neno moja, shaka na saka si neno moja. Lakini matamshi hurekebishika. Nimewarekebisha watoto kwa kioo kidogo cha mkononi na mshumaa: shika kiganja mbele ya mdomo, sema p, sema b, tazama mwali. Weka vidole kooni, usikie g inavyotetema na k isivyotetema. Dakika kumi kila siku, muhula mmoja. Mtu mzima mwenye shahada na nia ya kazi hahitaji zaidi ya hapo. Kinachohitajika ni mtu wa kumfundisha badala ya mtu wa kumkata kipande.

Ninayoyaomba ni haya:

1. Mlio wenye sauti yangu uondolewe leo, pamoja na nakala zake zote mlizozisambaza.

2. Mniombe radhi hewani, saa moja na nusu asubuhi, saa ileile mliyonichekea. Na mkishaomba, mlirushe lile jibu langu zima kwa msikilizaji wa Busia. Hakupata jibu lake hadi leo.

3. Mwanafunzi wangu aonyeshwe alama za jaribio lake la sauti na kigezo kilichotumika. Kama hakuna kigezo kilichoandikwa, arudie jaribio mbele ya watu watatu, na wapime jambo moja: je, anaeleweka?

4. Mweke mafunzo ya matamshi kwa watangazaji wenu wote, pamoja na yule wa alasiri na ngeli zake. Mkikosa mwalimu, nitakuja Jumamosi bila malipo, na nitaleta kioo changu na mshumaa.

5. Waandishi wa vichekesho vyenu wampe mlinzi sauti ya meneja na daktari sauti ya Bungoma, angalau kwa mwezi mmoja. Waone kama kicheko kilikuwa kwenye hadithi au kwenye ulimi wa mtu.

Nawapa siku 14 kuanzia tarehe ya barua hii. Zikipita bila jibu nitaipeleka nakala, pamoja na ile yenye muhuri wenu wa 12 Septemba, kwa Tume ya Malalamiko iliyo chini ya Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013, na kwa Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa. Ningependelea sana tusifike huko. Siku ile ya Julai mlinipokea kwa chai na mandazi, fundi wenu wa mitambo alinivalisha vipokea sauti kwa upole akaniambia mama yake naye ni mwalimu, na kwa dakika arobaini niliamini niko kwangu.

Yule mvulana bado hajasoma kifungu chenye "shangwe". Nimemwahidi kwamba nitamngoja, na kwamba siku atakayokuwa tayari atasoma nami peke yangu kwanza, mlango ukiwa umefungwa. Anataka kujua kama mmenijibu. Huniuliza kila Ijumaa.

Namba yangu ya simu iko kwenye barua ya kwanza. Nina vipindi hadi saa tisa na nusu. Baada ya hapo napatikana.

Wenu kwa heshima,

Mwalimu wa Kiswahili,
Nyalenda, Kisumu